Maneno 600 na Shemeji Mmoja: Jinsi ya Kuhakiki Kitabu Juba

Kitabu cha Msudani Kusini kuhusu Sudan Kusini kikifika mezani kwa mhariri wa gazeti mjini Juba, kumpata mhakiki asiyemjua mwandishi ni shughuli. Wasomi ni wachache na wengi wamepita njia zilezile: shule za Khartoum, vyuo vya Kampala na Nairobi, kambi ya Kakuma tangu ilipofunguliwa mwaka 1992, msituni na waasi wa SPLA, kisha ofisi za wizara na za mashirika ya misaada. Asiyekuwa mwanafunzi wa mwandishi alikuwa bosi wake, na asiyekuwa bosi wake ameoa kwao. Juu ya hayo gazeti linakupa maneno 600, siku ya bahati 800, na picha ya jalada nayo inadai nafasi yake.

Mambo hayo mawili, uhusiano na nafasi, kwa kawaida hufundishwa mbalimbali. La kwanza huitwa maadili, la pili ufundi. Kwa anayeandikia gazeti la Juba yanakuja pamoja, kwa sababu uhusiano wako na mwandishi lazima uutaje, na kuutaja kunagharimu maneno ambayo huna.

Usisubiri mhakiki asiye na ndugu

Magazeti makubwa ya Marekani na Uingereza yanaweza kumweka kando mhakiki yeyote aliye karibu na mwandishi. Akikosekana huyu, yupo yule. Hata huko haikuwa hivyo siku zote. Times Literary Supplement la London lilichapisha mapitio yasiyo na majina ya wahakiki hadi mwaka 1974, na nyuma ya pazia hilo rafiki aliweza kumsifu rafiki na hasimu kumchoma hasimu bila msomaji kujua lolote. Mshairi wa Marekani Walt Whitman alikwenda mbali zaidi: mwaka 1855 kitabu chake Leaves of Grass kilipotoka, alikaa chini akaandika mwenyewe, bila kutia jina, mapitio ya kukisifu, na yakachapishwa.

Afrika Mashariki imezoea duara dogo. Taban lo Liyong, ambaye Sudan Kusini na Uganda zote humwita mwana wao, aliandika mwaka 1965 katika jarida la East Africa Journal kwamba eneo hili ni kame kifasihi. Miaka mitatu baadaye akatia saini, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, waraka maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe. Kizazi hicho kilisomana, kikahakikiana, kikagombana hadharani, na wengi wao walikuwa wakifanya kazi pamoja. Hakuna aliyesema fasihi isubiri mpaka apatikane mgeni. Taban mwenyewe alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Juba, kwa hiyo anayehakiki vitabu vyake leo hapa mjini huenda alikaa darasani kwake. Mhakiki huyo aseme hivyo, aendelee na kazi.

Ukiing'ang'ania kanuni ya miji mikubwa, mapitio yote ya Juba yataandikwa na wageni wa mikataba mifupi, na hao nao wana kamba zao. Hilde Johnson, aliyeongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa, UNMISS, kuanzia 2011 hadi 2014, alichapisha mwaka 2016 kitabu kuhusu safari ya nchi hii kutoka uhuru hadi vita. Mgeni aliyewahi kupokea mshahara wa UNMISS ana jambo la kutangaza kabla hajakihakiki, sawasawa na mwenyeji anayemhakiki mjomba wake.

Zipo hali za kukataa, na ni vizuri kuzijua kabla simu ya mhariri haijalia. Kataa kama mwandishi ni mzazi wako, mwanao, ndugu yako wa tumbo moja, mke au mume. Kataa kama ulilipwa kukihariri kitabu au kukitafsiri, au kama jina lako limo katika ukurasa wa shukrani. (Ukurasa huo usome kwanza, kabla ya dibaji. Watu hushukuriwa bila kuulizwa.) Kataa kama mnadaiana, kama familia zenu zina kesi ya kiwanja, na kama barua yako ya kuomba kazi iko ofisini kwake. Hili la mwisho lina uzito hapa kuliko kwingi, kwa kuwa waandishi wa vitabu vya siasa nchini mara nyingi ndio haohao waliowahi kushika madaraka. Peter Adwok Nyaba alishinda Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka 1998 kwa kitabu chake cha 1997 kuhusu siasa za ukombozi wa kusini, na baadaye akawa waziri wa elimu ya juu. Mhadhiri wa chuo cha umma aliyetaka kukihakiki kitabu hicho wakati huo angekuwa anampa alama waziri wake.

Wengine wote waandike na waseme: shemeji, mwanafunzi wa zamani, mwenzake wa Kakuma, aliyewahi kuwa askari chini yake, aliyewahi kugombea naye cheo. Kipimo ni chepesi. Msomaji akiisikia habari hiyo kesho kwa mama chai, atahisi ulimficha? Kama atahisi hivyo, itaje.

Watu hukumbuka kutaja urafiki wakasahau uadui. Mwaka 2010 mwanahistoria wa Uingereza Orlando Figes alikiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiandika kwenye tovuti ya Amazon, kwa jina la kificho, maoni ya kuponda vitabu vya wanahistoria wenzake na kukisifu cha kwake. Hakuna aliyemlaumu kwa kutovipenda vitabu vile. Alilaumiwa kwa kujificha.

Halafu lipo swali ambalo wahakiki wachanga huliuliza kwa sauti ya chini: nitaje kabila langu? Mimi nasema hapana. Jina lako juu ya makala mara nyingi limeshasema, na tangu vita vilipozuka Desemba 2013 sentensi ya namna hiyo husomwa kama kiapo cha upande. Tena haielezi ulichofanya. Taja kitendo, cheo, mkataba, undugu wa karibu. Lam Akol alichapisha mwaka 2001 kitabu kuhusu vuguvugu la SPLM/SPLA kwa jicho la mtu aliyekuwa ndani, na yeye na Riek Machar walikuwa miongoni mwa makamanda waliotangaza kule Nasir, Agosti 1991, kwamba wamemng'oa John Garang kwenye uongozi wa vuguvugu hilo. Mhakiki aliyebeba bunduki katika upande wowote wa mgawanyiko ule aseme alikuwa upande gani. Hilo msomaji analihitaji ili aipime hukumu yake. Kwamba babu yake ni Mshiluk, Mnuer au Mdinka, halimsaidii kupima chochote.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa 1972. Kwenye mazungumzo ya Addis Ababa, ujumbe wa serikali ya Khartoum uliongozwa na mtu wa kusini, Abel Alier, na upande wa pili wa meza walikuwa wajumbe wa waasi wa Anya-Nya, ambao kiongozi wao alikuwa Joseph Lagu. Wote wawili waliandika vitabu baadaye: Alier mwaka 1990, kuhusu mikataba iliyovunjwa, na Lagu mwaka 2006, kumbukumbu za maisha yake. Mtoto wa mpiganaji wa Anya-Nya akipewa kitabu cha Alier akihakiki, maneno manne tu, "baba yangu alikuwa Anya-Nya", yanamtosha msomaji. Akiona hasira atajua ilikotoka, na akiona sifa ataziamini maradufu.

Tamko likae wapi

Hapa ndipo maadili na hesabu ya maneno hukutana, na ndipo wahakiki wengi huteleza. Desturi waliyoiona kwenye majarida ya nje ni kuweka tamko mwishoni, kwa herufi za mlalo, chini ya makala. Gazeti la kila siku hukatwa kutoka chini. Jioni linaingia tangazo la zabuni au la nafasi za kazi za shirika fulani, ambalo ndilo linalolipa mishahara, na mpanga kurasa anahitaji sentimita nne. Hasomi, anafuta mistari ya mwisho. Kesho yake sifa zako kwa shemeji zimechapishwa zote, na kilichokatwa ni sentensi moja tu, ile iliyosema kwamba ni shemeji.

Juba kuna mkono mwingine wa kukata. Vyama vya kutetea wanahabari vimeripoti zaidi ya mara moja kwamba maofisa wa usalama huondoa makala kurasani kabla hazijachapwa, na magazeti yamewahi kutoka yakiwa na nafasi nyeupe. Mapitio ya kitabu cha siasa hayana kinga dhidi ya hilo. Tunza nakala yako kamili yenye tarehe uliyoituma, ili ukiulizwa kwa nini hukusema, uonyeshe kwamba ulisema.

Basi liweke tamko katika aya ya pili au ya tatu. Aya ya kwanza ni ya kitabu. Anayeanza mapitio kwa habari zake mwenyewe ameshamchosha msomaji. Na usiliache lisimame peke yake. Lishone ndani ya sentensi inayofanya kazi nyingine, kiasi kwamba atakayelikata ataharibu hoja. Kwa mfano: "Sura ya shule za Kakuma ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na nasema hivyo nikiwa nimefundishwa na mwandishi huyu katika mojawapo ya shule hizo." Hilo halikatiki bila sura yenyewe kupotea.

Sasa urefu wake. Tazama lilivyoandikwa na wengi: "Kwa maslahi ya uwazi na ukweli, ningependa kwanza kabisa kuwajulisha wasomaji wapendwa kwamba mimi na mwandishi wa kitabu hiki tumefahamiana kwa kipindi kirefu katika nyanja mbalimbali." Maneno zaidi ya ishirini, na msomaji bado hajui mmefahamiana vipi. Linganisha na hili: "Mwandishi alinifundisha Kiingereza Kakuma kwa miaka miwili, na bado namwita mwalimu." Maneno 11, na nusu ya pili imesema mengi zaidi kuhusu heshima yako kwake kuliko nyanja zote mbalimbali. Au hili, kwa mwenye kinyongo: "Mimi na mwandishi tuliwahi kugombea nafasi moja, yeye aliipata." Maneno tisa. Au: "Nilikuwa mwajiriwa wa UNMISS mwaka 2012, wakati mwandishi alipokuwa mkuu wake." Tamko linalozidi maneno 20 mara nyingi limeanza kujitetea. Taja uhusiano, mahali na wakati, kisha nyamaza. Usimhakikishie msomaji kwamba uhusiano huo haukuathiri maoni yako. Hiyo ni hukumu ya msomaji.

Wale wanaoandikia nje, na kwa Kiswahili ni lazima iwe nje kwa kuwa magazeti ya Juba ni ya Kiingereza na Kiarabu, wana mzigo mkubwa zaidi. Ukiandika hapa, nusu ya wasomaji wako tayari wanajua umeoa kwa nani. Ukipeleka mapitio Taifa Leo la Nairobi au Mwananchi la Dar es Salaam, msomaji wa Mombasa au Morogoro hajui lolote, na jina la mwandishi kwake ni jina tu. Huko tamko lisiegemee vyeo au makundi yanayofahamika Juba peke yake. "Sote tulikuwa Torit" haimwambii kitu msomaji wa Morogoro. "Sote tulikuwa wapiganaji wa SPLA" inamwambia.

Kuyabana maneno 600

Hesabu yangu huwa hivi. Jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, kurasa na mahali kinapouzwa huchukua maneno 30, na mhariri mwema huyaweka kwenye kisanduku nje ya hesabu. Tamko, 20. Kitabu kinahusu nini, 120, si zaidi. Hukumu ya mwisho, 50. Zinabaki kama 380 za kufanya kazi ambayo kwa kweli ndiyo mapitio: swali moja unalokiuliza kitabu, na vithibitisho viwili au vitatu kutoka ndani yake, kwa namba za kurasa.

George Orwell alilalamika mwaka 1946, katika insha yake kuhusu maisha ya mhakiki, kwamba mapitio ya maneno kama 600 hayawezi kuwa na thamani, hata mhakiki akiwa na nia njema. Alitaka vitabu vichache vipewe maneno 1,000 na kuendelea, na vingi vilivyobaki viachwe. Kwa London ya wakati wake, yenye vitabu kama mvua, nadhani alisema kweli. Kwa Juba simfuati. Kitabu kisichohakikiwa hapa huenda kisitajwe popote, na maneno 600 yanatosha kama umekubali kuuliza swali moja. Chukua kitabu kilekile cha Alier. Ukitaka kusimulia yote yaliyotokea kuanzia mkataba wa Addis Ababa wa 1972 hadi Rais Nimeiri wa Sudan alipouvunja mwaka 1983 kwa kuigawa kusini katika mikoa mitatu, utafika neno la 600 ukiwa bado miaka ya sabini. Ukiuliza tu kama mwandishi anahesabu pia ahadi zilizovunjwa na viongozi wa kusini wenyewe, utafika mwisho ukiwa na jibu.

Maneno hupotelea wapi? Kwanza kwenye darasa. Tuliosomea fasihi ya Kiswahili katika shule za Kenya au Tanzania tulifundishwa kupasua kitabu kwa fani na maudhui: dhamira, wahusika, muundo, mtindo, mandhari, matumizi ya lugha. Ni mtindo mzuri wa kujibu mtihani. Gazetini unatoa orodha isiyosema kama kitabu kinafaa kununuliwa. Ndugu yake ni mapitio ya sura kwa sura, "sura ya kwanza inazungumzia, sura ya pili inaeleza", ambayo mchapishaji ameshayaweka nyuma ya jalada.

Pili, kwenye hotuba. "Awali ya yote napenda kumpongeza" ni maneno ya uzinduzi wa kitabu, na mapitio si uzinduzi. Tatu, kwenye heshima. Mwandishi ni mtu mzima na huenda ana shahada na cheo. Mpe vyote mara ya kwanza unapomtaja, halafu umwite kwa jina. Ukimwita Mheshimiwa Daktari mara 20 umetumia maneno 40, na msomaji ameshajua unamwogopa. Hilo nalo ni tamko la uhusiano, ila hukulikusudia.

Mhariri akikupa kipimo cha maneno na wewe unaandika Kiswahili, muulize pia idadi ya herufi. Neno letu moja kama "hawakumwelewa" hubeba mzigo ambao Kiingereza hugawia maneno matano, na lina herufi 13. Maneno 600 ya Kiswahili yana mambo mengi kuliko 600 ya Kiingereza na yanajaza safu zaidi. Mwandishi asiyelijua hilo hupeleka makala iliyotimiza hesabu, kisha anashangaa mkia umekatwa.

Bahasha, nakala za bure na majina ya kalamu

Kitabu cha bure hakinisumbui. Vitabu vinavyoletwa Juba kutoka Kampala, Nairobi au Ulaya ni ghali kwa mshahara wa mwandishi wa habari, na bila nakala ya mchapishaji hakuna mapitio. Wamarekani walitoa mwongozo mwaka 2009 kwamba anayepewa bidhaa bure na kuisifu kwenye blogu anapaswa kusema. Kwa gazeti, mstari mmoja wa kudumu chini ya ukurasa unatosha, ili mhakiki asitumie maneno yake kila wiki.

Bahasha ni habari nyingine. Kwenye uzinduzi wa vitabu, kama kwenye semina, mwanahabari hupewa "nauli". Ukiipokea umeshakuwa mgeni wa mwandishi, na tamko la haki lingekuwa "mwandishi alinilipa". Kama sentensi hiyo huwezi kuiandika, rudisha bahasha au andika habari ya uzinduzi na mapitio umwachie mwingine.

Wapo wanaotumia jina la kalamu, na wana sababu. Jina la kalamu halifuti wajibu: mhariri ajue wewe ni nani na una uhusiano gani, na tamko liandikwe bila kukufichua, kwa mfano "mhakiki aliwahi kufanya kazi chini ya mwandishi". Lakini kama kuutaja uhusiano kutamweka mtu hatarini, wewe, mwandishi, au jamaa aliyebaki kijijini, usiyaandike mapitio hayo. Chukua kitabu kingine.

Wahariri nanyi mna sehemu yenu. Kabla ya kumpa mtu kitabu, mwulizeni kwa maandishi: unamjua mwandishi, amewahi kukulipa, mmewahi kugombana? Hifadhini majibu. Na mkimpa mhakiki maneno 600 naye ana la kutangaza, mwongezeeni 20, mkamwambie mpanga kurasa asiyaguse.